Desturi si jibu: barua ya wazi kwa vijana wanaoanza kusoma anthropolojia

Wanangu,

Nawasalimu. Nimesikia mwaka huu darasa limejaa, na kwamba baadhi yenu mmeshaanza kubanwa nyumbani: hiyo anthropolojia ni mdudu gani, na itakupa kazi gani? La kazi nitaligusa mbele kidogo. Hilo la kwanza ndilo lililonifanya nishike kalamu, maana jibu ninalowasikia wengi wenu mkilitoa ni kwamba mnasoma tamaduni za watu. Halafu naletewa insha zenu nizipitie, na kila palipo na jambo gumu naikuta sentensi ile ile: wanafanya hivi kwa sababu ni utamaduni wao.

Sentensi hiyo haijaeleza kitu. Ni sawa na daktari anayemwambia mgonjwa kuwa anaumwa kwa sababu ana ugonjwa. Mtu akisema "ni utamaduni wao" ametaja tu mahali pa kuanzia kuchimba. Nani anaifuata desturi hiyo, na nani anaikwepa? Ilianza lini? Anayeivunja anafanywa nini, na anayemfanya hivyo ni nani? Akiivunja mkubwa, mambo huwa hivyo hivyo? Ukishauliza hayo, utamaduni, siasa na vituko vya kila siku vinakuwa kitu kimoja, na utashangaa kwa nini vitabu vinavitenga katika sura tatu.

Chukueni Wazande. Mwishoni mwa miaka ya 1920 mwanaanthropolojia Mwingereza, Edward Evans-Pritchard, alikaa nao kusini mwa Sudan ya wakati ule, na mwaka 1937 akatoa kitabu juu ya uchawi wao ambacho mtasomeshwa mpaka mkichoke. Mfano wake maarufu ni wa ghala. Ghala la nafaka la Kizande huinuliwa juu ya miti, na jua likiwa kali watu hukaa chini yake kivulini, wakipiga soga au wakicheza bao. Siku moja ghala linaporomoka na kuwaumiza waliokaa. Mzande atakwambia ni uchawi. Msomaji mvivu anafunga kitabu hapo, ameshapata alichokitaka.

Lakini Mzande anajua fika kwamba miti ile imeliwa na mchwa. Hahitaji mgeni aje kumfundisha habari za mchwa. Swali lake ni jingine: kwa nini ghala liporomoke saa ile ile, wakati watu wale wale wamekaa chini yake? Sisi tuliopita shule tunaliita hilo bahati mbaya, kisha tunaendelea na shughuli zetu tukidhani tumeeleza.

Walimu wengi huishia hapo, wanafunzi wakaondoka na somo kwamba kila imani ina mantiki yake. Ni kweli, lakini hiyo ni nusu tu, tena nusu rahisi. Fuateni mkasa mpaka mwisho. Mtu aliyepatwa na ugonjwa anajiuliza ni nani mwenye kinyongo naye. Majina yanayomjia ni ya watu wa karibu: jirani waliyekwaruzana, mshindani, anayemwonea kijicho. Majina hayo yanapelekwa kwenye ramli. Kuku analishwa sumu, swali linaulizwa, na kufa au kupona kwake ndiko jibu. Jina likithibitika, bawa la yule kuku aliyekufa linapelekwa kwa mtuhumiwa. Naye anatia maji kinywani, anayapuliza juu ya bawa, anasema kama ni yeye basi hakuwa na habari, na anamtakia mgonjwa afya njema. Watu wawili ambao kinyongo chao kingeweza kulipuka wamepewa njia ya kuzungumza, na ya adabu.

Sasa tazameni majina ambayo hayafiki kwenye ramli. Wazande walitawaliwa na ukoo wa Avongara, na mtu wa kawaida hakuthubutu kumtaja mmoja wao kuwa ndiye anayemloga. Ramli zilipopingana, ya mtawala ndiyo iliyokuwa ya mwisho. Kumbe katika imani ile ile inayoeleza kwa nini ghala limeanguka, mna orodha ya wasioulizwa. Jambo jingine: kwa imani yao uchawi hurithiwa, baba kwa mwana wa kiume. Kwa hesabu hiyo, mtu mmoja akithibitika, wanaume wote wa ukoo wake wangekuwa wachawi. Wazande hawaifuati hesabu hiyo mpaka mwisho, wala haiwakoseshi usingizi. Imani yao haikutengenezwa ili ifaulu mtihani wa mantiki. Inashughulika na ugomvi huu, na mtu huyu, leo. Mkiwacheka, jiulizeni kwanza ni mangapi katika dini zenu, vyama vyenu na ofisi zenu yangesimama kama mngeyafuata kwa hesabu mpaka mwisho.

Mfano wa pili mtaupenda, maana unachekesha. Mwanaanthropolojia Richard Lee alikuwa kwenye jangwa la Kalahari, kusini mwa Afrika, miongoni mwa Ju/'hoansi, ambao wakati ule wengi wao waliishi kwa kuwinda na kuchuma. Krismasi ilipokaribia alinunua dume la ng'ombe, kubwa na lililonona, awaandalie karamu ya kuwashukuru. Basi kila aliyemwona yule ng'ombe alimsikitikia Lee: umeuziwa mifupa, tutalala njaa, watu watagombana kwa ajili ya nyama kiduchu. Wazee kwa vijana, wote wimbo mmoja. Siku ilipofika ng'ombe akachinjwa, mafuta yakaonekana ya kutosha, watu wakala kwa siku mbili huku wakivunjika mbavu kwa kicheko. Baadaye ndipo alipoelezwa. Kijana akiua mnyama mkubwa hujiona chifu, na wengine akawaona watumishi wake. Kwa hiyo nyama yake husemwa vibaya, moyo wake upoe.

Msitoke hapo na "hao ni watu wanyenyekevu kwa asili". Kama wangekuwa wanyenyekevu kwa asili, matusi yale yangekuwa ya nini? Yapo kwa sababu wanajua vizuri kwamba kila mtu ana hamu ya kupanda juu ya mwenzake, na hamu hiyo inakatwa kila inapochipua. Wanayo na njia nyingine. Wawindaji huazimana mishale, na mwenye mshale ndiye mwenye nyama, yeye ndiye husimamia mgawo, hata kama shabaha ilikuwa ya mwingine. Mzee asiyeweza tena kukimbia, au mwanamke, anaweza kuwa mgawaji wa siku. Usawa wao una kazi nyuma yake, kazi ya kila siku, na siku wakiiacha utatoweka. Wanasayansi ya siasa wamezoea kuitafuta siasa palipo na bunge na bendera. Nyinyi itafuteni hata kwenye mzaha juu ya nyama.

Asiyeona siasa katika mambo kama hayo huishia kumwaga damu, na sisemi kwa mafumbo. Kusini-mashariki mwa Nigeria, Waingereza walikuta watu ambao sehemu kubwa hawakuwa na machifu wa kutoa amri. Mambo yaliamuliwa kwenye mikutano, kwenye marika, kwenye vyama vya wanawake. Serikali ya kikoloni haikuweza kuamini kwamba watu wanaweza kuishi hivyo, ikateua machifu wake na kuwapa hati, na hati hiyo ndiyo ikawa uchifu wenyewe. Mwaka 1928 wanaume wakaanza kutozwa kodi. Mwaka uliofuata, huko Oloko, mtu aliyetumwa na chifu alifika kwa mwanamke aitwaye Nwanyeruwa kuhesabu watu na mifugo. Mama huyo akamuuliza kama mama yake naye alihesabiwa. Wakagombana, na habari ikasambaa soko kwa soko kwamba sasa wanawake nao watatozwa.

Wanawake hao walikuwa na njia yao ya zamani ya kumwadibu mwanamume aliyevuka mipaka. Walikwenda kwake kwa wingi, wakaimba nyimbo za kumtukana, wakacheza, wakagonga kuta za nyumba yake kwa michi ya kutwangia, na hawaondoki mpaka akiri kosa. Kilikuwa kikao halali kabisa, chenye taratibu zake na mavazi yake. Ndicho walichowafanyia machifu wa hati mwaka 1929, maelfu kwa maelfu, na mahakama za serikali zikavunjwa. Maofisa waliona ghasia za wanawake waliochanganyikiwa. Wanajeshi na polisi walifyatua risasi, na wanawake zaidi ya 50 wakafa. Baada ya hapo ndipo serikali ilipotaka utafiti ufanywe, ijue hasa inawatawala watu gani, na mfumo wa machifu wale ukabadilishwa. Utafiti ulitakiwa baada ya maziko! Mwaka huo usiwatoke kichwani.

Sasa nieleze kwa nini "ni utamaduni wetu" ni hatari zaidi ya "utamaduni wao". Jomo Kenyatta alisoma London kwa mwanaanthropolojia Bronislaw Malinowski, na mwaka 1938 akatoa kitabu juu ya Wagikuyu, watu wake mwenyewe. Ndani yake alitetea ardhi yao dhidi ya walowezi kwa hoja nzito. Ndani yake pia alitetea ukeketaji wa wasichana, ambao ulikuwa umezua mgogoro mkali na wamisheni mwaka 1929. Kalamu ile ile, elimu ile ile. Mimi hoja ya ardhi naikubali na ya ukeketaji naikataa, na sioni tabu kusema hivyo. Anayesema "sisi" huwa amewasemea wengine ambao hawakuulizwa, na mara nyingi hao ndio wanaobeba maumivu ya desturi yenyewe. Katika kila jamii mliyoisoma kuna mabishano juu ya jamii hiyo ni ipi. Chama cha Wanaanthropolojia cha Marekani kilijikwaa hapo hapo: mwaka 1947 bodi yake iliuonya Umoja wa Mataifa dhidi ya kuwashurutisha watu wote kwa haki zilizotungwa upande mmoja wa dunia, na mwaka 1999 chama kikatoa tamko la kuunga mkono haki za binadamu. Kuelewa kwa nini jambo linafanyika hakukulazimishi ulibariki. Kunakulazimisha tu usiseme uongo juu yake.

Sasa njooni karibu, maana hamna nauli ya kwenda Kalahari. Kaeni kwenye mkutano wowote wa kazi, daftari mkononi. Msiandike ajenda. Andikeni nani amefika amechelewa bila kuomba radhi, na nani ameomba radhi ingawa hajachelewa. Nani amekaa karibu na mlango. Mzaha wa mkubwa umechekewa na nani, kwa muda gani, na nani ametazama kwanza pembeni kabla ya kucheka. Nani ameambiwa aandike kumbukumbu, na kama kila mara ni mwanamke au ni yule yule kijana mgeni. Wazo lililotolewa na mdogo likapita kimya, kisha likarudiwa na mkubwa likapongezwa. Mkitoka, waulizeni watu mkutano ulihusu nini, watawatajia ajenda. Hawawadanganyi. Tofauti kati ya wanachosema na walichofanya ndimo riziki yetu ilimo.

Au tazameni zawadi. Mwanazuoni Mfaransa, Marcel Mauss, alionyesha mwaka 1925 kwamba zawadi ina wajibu wa aina tatu: kutoa, kupokea na kurudisha. Mgombea anayegawa vitu kabla ya uchaguzi hajamsoma Mauss, lakini anamwelewa kuliko wengi wenu. Anajua kwamba aliyepokea ataona haya kumkana.

Na nyinyi wenyewe msijitoe kwenye picha. Malinowski huyo huyo, aliyetufundisha kukaa na watu na kujifunza lugha yao, aliacha shajara iliyochapishwa mwaka 1967, miaka 25 baada ya kifo chake. Imejaa dharau na hasira kwa watu wa Melanesia aliokuwa akiishi nao. Wengine walishtuka, mimi naona ni vizuri tuliisoma. Hasira yako ya saa nane mchana, uliposubirishwa na mtu aliyekuahidi mazungumzo, iandike nayo, na tarehe. Inaonyesha ulichokuwa ukitarajia kutoka kwa watu wasiokudai chochote.

La kazi, basi. Zipo. Hospitali zinataka kujua kwa nini wagonjwa hawamalizi dawa, kampuni zinataka kujua watu wanatumiaje simu, mashirika yanataka kujua kwa nini choo kizuri kimegeuzwa stoo. Majeshi nayo yanataka. Tangu mwaka 2007 jeshi la Marekani lilipeleka watafiti pamoja na vikosi vyake Iraq na Afghanistan, na chama kile kile cha wanaanthropolojia kikapinga mwaka huo huo. Sababu iko wazi: mtu anayehojiwa mbele ya bunduki hana uhuru wa kukataa, na alichosema kinaweza kutumika kuchagua wa kushambuliwa. Mpango ulifungwa mwaka 2014, lakini ofa za namna hiyo zitakuja tena, zikiwa na majina matamu na mshahara mzuri. Kabla ya kutia saini, ulizeni nani atayasoma madaftari yenu na atayafanyia nini. Asipojibu kwa maandishi, kataeni.

Mtakaotoka kwenda kwenye utafiti muhula ujao: majina ya watu yawe kwenye daftari la peke yake, mazungumzo kwenye jingine, na ufunguo wa kuyaunganisha mbaki nao wenyewe. Lugha mjifunze kabla ya kwenda, msitegemee mkalimani, hasa mkalimani aliyechaguliwa na mwenyekiti. Na dodoso lile la maswali arobaini mlilonitumia, punguzeni. Mtu hawezi kukaa saa mbili akijibu ndiyo na hapana huku shughuli zake zinalala.

Ni mimi, mwalimu wenu mstaafu.