Barua kwa Athmani: Shee asiache chuo

Malindi

Sahibu yangu Athmani,

Asalaam aleikum. Sisi hatujambo, ila kusi imekaza na samaki hawashikiki bei.

Umeniuliza kama kijana wetu Shee aache kozi ya mitambo, maana kasikia fyusheni, yaani umeme wa kuunganisha atomu, itafagia kazi zote za umeme. Asiache! Desemba 2022, maabara ya Livermore huko Marekani ilipiga fueli ya haidrojeni kwa leza: ziliingia megajuli 2.05 za nishati, zikatoka 3.15. Hata mimi nilishangilia. Lakini zihesabu kwa uniti zetu za tokeni: hizo 3.15 hazifiki uniti moja, na leza zenyewe zilivuta kwenye gridi megajuli kama 300, yaani uniti 80 na ushei. Safari bado.

Tuseme wamefaulu. Mitambo mingi inayochorwa sasa, joto lake litachemsha maji tu, mvuke uzungushe tabo (turbini) ya jenereta, kama kwenye umeme wa jotoardhi kule Olkaria. Wewe uliyekuwa ukiweka bisibisi kwenye beringi ya jenereta ya dizeli na mpini wake sikioni, ukajua inakufa lini, hukosi kazi hapo. Atakayeumia ni dereva wa tangi na mchimba makaa, kwa sababu fueli ya fyusheni ni kidogo mno, na haidrojeni nzito hupatikana kwenye maji ya bahari. Hao ndio wa kufundishwa kazi nyingine mapema, si siku ya kupewa barua ya kuachishwa. (Na usiichanganye na kile kinu cha nyuklia walichokipinga watu wa Uyombo, hapa Kilifi; kile hupasua atomu, hii huziunganisha.)

Mimi ningemwambia Shee asijifunge na mtambo mmoja. Unakumbuka barazani vijana walivyogawana kazi za kinu cha umeme wa makaa ya mawe cha Kwasasi huko Lamu, megawati 1,050, hata jiwe la msingi halijawekwa? Juni 2019 leseni ikafutwa. Nilifurahi, moshi ule wa nini, lakini waliokuwa wakisubiri hawakuwa na ufundi mwingine mkononi. Basi ashike kuchomelea mabomba ya presha, pampu za vakyumu (za kunyonya hewa), transfoma. Transfoma haiulizi umeme umetoka wapi.

Likizo aje kwangu, nimpeleke akaone shamba la sola la Langobaya, nikipata ruhusa. Mvuke hakuna kule, nyaya na swichi tele. Aje na viatu vya kazi, ndala watamrudisha getini.

Nisalimie mama watoto.

Wako,
Swaleh