Barua kwa Besi, kuhusu ule mkwaruzo uliokukera

Temeke, Dar es Salaam
12 Mei 2024

Besi, ndugu yangu,

Mimi huku ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mbali. (Unaona? Ule mwanzo wa barua za bwenini bado ninao kichwani.) Shemeji na watoto wasalimie sana. Dagaa wa Mwanza ulioniahidi tangu Krismasi bado nawasubiri, ila leo si siku ya dagaa.

Nakuandikia kwa sababu ya ule ujumbe wako wa sauti. Dakika nne nzima unafoka juu ya albamu mpya ya Vampire Weekend, ile bendi yetu ya New York: imejaa kelele, gitaa limezikwa, drams zinakwaruza kama mtu anaburuta meza, na mwisho ukakata shauri kwamba hawa vijana wamepotea. Kwanza, vijana gani? Ezra Koenig, muimbaji wao, ametimiza miaka 40 mwezi uliopita. Ni wa rika letu, na magoti yetu unajua mwenyewe yanavyolia tukipanda ngazi. Pili, nijibu kwa haki: umeisikilizia wapi? Maana nakujua. Umeilaza simu juu ya meza ya duka, na ile spika yake inalia kama nyenje aliyefungiwa kwenye kopo.

Sikulaumu sana. Na mimi siku ya kwanza nilinuna.

Unaikumbuka 2009? Yule mwanafunzi wa kigeni aliyekuja kujifunza Kiswahili pale Mlimani, akatuachia CD ya kuchoma isiyoandikwa kitu? Tukaitia kwenye sabufa ya kaka yako, kile chumba cha Sinza. Gitaa likaingia, jembamba, safi, nyuzi zinacharazwa kule karibu kabisa na tumbo la gitaa, nawe ukainuka kitandani ukauliza nani huyu anapiga muziki wa Kikongo kwa Kiingereza. Wimbo mmoja ulikuwa na kwasa kwasa kwenye jina lake kabisa! Kwasa kwasa ile ile ya Zaire iliyowatoa jasho mama zetu maharusini. Baadaye ndiyo tukajua kuwa ni vijana wanne waliokutana Chuo Kikuu cha Columbia, New York, bendi wameianzisha 2006, na wenyewe muziki wao wakiuita Soweto ya Upper West Side, kwa jina la mtaa wa pale kwao. Ukacheka, halafu ukakasirika. Ukasema wametuibia. Ukasema na lingine ambalo mpaka leo naliona kweli: wanapika lakini hawaivishi. Wimbo unafika pale ambapo chemko lingeanza, wao wanazima jiko.

La wizi tulilibishania mpaka adhana ya alfajiri, na sina hamu ya kulirudia. Nilikwambia tu kwamba wazee wetu nao waliipata rumba kwenye sahani za santuri kutoka Kuba, na bendi ya Maquis wenyewe walitoka Zaire wakaja kupiga kambi hapa Dar. Ukasema hao walikuja na miguu yao, wakala ugali wetu, si sawa na mtu anayesikiliza akiwa New York. Hapo ulinibana. Mpaka leo sina jibu.

Lakini angalia walivyotembea tangu hapo. Januari 2010 wakatoa Contra, vinanda vya umeme vimejaa tele, ikaenda moja kwa moja namba moja Marekani. Mwaka 2013 ikaja Modern Vampires of the City, na lile gitaa letu tulilogombania karibu halipo. Kuna piano, kuna kinanda cha mlio wa kanisani, na maneno yanazunguka kwenye mauti na Mungu. Hiyo uliipenda wewe kuliko zote. Januari 2016 akaaga Rostam Batmanglij, aliyekuwa fundi wa vinanda na mtayarishaji wao. Kisha kimya mpaka 2019, wakaibuka na Father of the Bride, nyimbo 18. Ile mimi nilishindwa kuimaliza kwa kikao kimoja. Ilikuwa kama harusi ambayo MC amekataa kuachia maiki: mambo mazuri yamo, ila watu wanataka kula. (Walipata Grammy kwa hiyo pia, kwa hiyo ushauri wangu wala hawauhitaji.)

Na sasa hii, Only God Was Above Us, iliyotoka tarehe 5 Aprili. Nyimbo 10 tu.

Sasa nisikilize, mtu wa Sikinde. Sisi wa mji huu ndio tulipaswa kuwaelewa mapema kuliko wengine. Bendi zetu zote zilikuwa na mtindo, na mtindo ulikuwa na jina. Mlimani Park ni Sikinde. Vijana Jazz ni Pambamoto. Maquis walikuwa Kamanyola, baadaye wakawa Ogelea Piga Mbizi. Wapigaji wakihama, sauti inahama, na jina linatangazwa watu wajue. Mwaka 1985 waimbaji Gurumo na Bitchuka na wenzao walipotoka Sikinde kwenda International Orchestra Safari Sound, ukazaliwa mtindo wa Ndekule. Mzee wako alikuwa wa Sikinde damu, alinung'unika wee, lakini mwenyewe alituambia kwamba Jumamosi iliyofuata alilipa kiingilio akaingia kusikia wamekuja na nini.

Tofauti ni moja tu. Bendi zetu hazikuwa watu wa albamu. Wimbo ulipigwa ukumbini wiki hata wiki, mashabiki wakiurekebisha kwa kuucheza au kwa kukaa, ndipo bendi ikaenda kuurekodi Radio Tanzania. Msikilizaji alibadilika pamoja na bendi, kidogo kidogo, bila kujua. Hawa wamejifungia miaka mitano hatuwaoni, halafu wamefungua mlango wakiwa wamenyoa kipara. Lazima ushtuke. Ila kushtuka huko usikuite kupotea kwao.

Halafu kuna kitu najua hukukiona, kwa sababu ulikuwa umeshaanza kufoka. Ule wimbo wenye jina la The Surfer, unaokwenda polepole: Rostam ameshiriki kuutunga. Amehama lakini ameacha kandambili mlangoni. Bitchuka alikwenda Ndekule na Sikinde akarudi, tena wewe ndiye uliyenisimulia ukitabasamu.

Ngoja nikueleze ilivyonigeuza. Tarehe 4 mwezi huu, ile Jumamosi ya kimbunga Hidaya, nilikuwa na kazi ya mitambo kwenye harusi. Upande wa bibi harusi wakaahirisha, na walifanya la maana, maana turubai lisingebaki. Nikabaki peke yangu stoo, huku Temeke, na spika zote ninazopangisha zimepangwa ukutani kama maboksi ya soda. Umeme hakuna. Nikawasha jenereta, nikasema leo wacha niwape hawa Wamarekani nafasi ya mwisho, kwa vyombo vya kazi, si kwa simu.

Wimbo wa kwanza unaanza kwa mvumo, kama amplifaya iliyosahauliwa imewashwa. Jamaa anaimba chinichini, karibu anaongea. Kisha drams zinaingia mbio kama watu wanaokimbilia daladala ya mwisho. Nilisimama kwenda kuangalia kama kuna waya umeachia! Miaka hii yote ya kazi, nikisikia sauti ile mkono unaenda wenyewe kwenye miksa. Taa nyekundu hazikuwaka. Nikarudi kukaa juu ya boksi la sabufa.

Unajua mkwaruzo unatoka wapi? Ukiisukuma sauti kuliko chombo kinavyoweza kuibeba, vichwa vya mawimbi vinakatwa, vinakuwa bapa, na sikio linasikia ule ubapa kama kukwaruza. Mimi nalipwa ili jambo hilo lisitokee. Hawa wamelitafuta kwa makusudi, wao na mtayarishaji wao Ariel Rechtshaid. Lakini kwa spika kubwa nikasikia walivyolipanga. Gitaa limechafuliwa, drams zimechafuliwa, sauti ya mtu imeachwa safi katikati. Kwenye wimbo wa Capricorn piano na violini zinatembea kwa adabu zote, halafu kelele inamwagika juu yake kama maji ya mfereji barabarani, halafu inapungua, na piano bado iko pale pale inaendelea, haijalowa. Kwa simu huwezi kusikia hayo. Simu inavikoroga vyote kuwa uji mmoja.

Mvua nayo imeshika bati huko nje. Kuna mahali sikujua tena kipi ni bati na kipi ni bendi, na sikutaka kujua.

Ndipo nikakumbuka kanda za mzee wako. Zile Sikinde alizorekodi redioni, zikanakiliwa, na nakala ikanakiliwa tena, mpaka besi inakoroma na tarumbeta zinatoka kama zimevaa soksi. Ulijifunza kupiga besi kwa kanda zile. Na siku ulipopata nyimbo hizo hizo zimesafishwa, kwenye flash, ulisema nini? Ulisema zimeoshwa mno, zimetolewa roho. Ni maneno yako, Besi. Sasa imekuwaje mkwaruzo wa Radio Tanzania uwe roho na wa New York uwe makelele?

Najua utaniambia ule wetu ulikuwa wa shida, wao wa kujitakia. Ni kweli. Lakini tazama picha ya jalada lao. Ni ya mpiga picha Steven Siegel, ya mwaka 1988, makaburi ya mabehewa ya treni za chini ya ardhi za New York, yaliyotupwa huko New Jersey. Ndani ya behewa lililolala ubavu kuna mtu anasoma gazeti, na jina la albamu ni kichwa cha habari cha gazeti hilo hilo. Ilikuwa habari ya ndege ya Aloha Airlines iliyong'oka paa ikiwa angani huko Hawaii, Aprili ya mwaka huo, na abiria wakainua macho wakaona mbingu. Juu yetu alikuwa Mungu tu. Hapa kwetu maneno kama hayo unayasoma nyuma ya lori la mchanga wakati umekwama kwenye foleni ya Mbagala. Wameuchukua mji wao wa zamani, ule wa kutu na mabehewa yaliyochorwachorwa, wakaupiga. Hawakuazima cha mtu safari hii, na ajabu ni kwamba kwenye albamu hii, ambayo haina kwasa kwasa hata ya dawa, mimi ndimo nilimosikia mtaa wangu. Albamu yao ya kwanza, ile ya 2008, ilinipa gitaa la nyumbani lililofuliwa na kupigwa pasi.

Na hawajakana walikotoka. Sikiliza wimbo wa Connect kwa utulivu, hasa drams. Ule mdundo ni wa albamu ya kwanza, wameuchukua wakautia piano inayokimbia kama mtoto kwenye ngazi. Wewe mtu wa rithimu ulipaswa kuukamata kabla yangu.

Nakupa haki yako sehemu mbili. Kuna mahali kelele imezidi chumvi, na mashairi mengine ni ya watu wa mji wao, majina ya watu na mitaa ambayo mimi na wewe hayatuhusu. Na lile gitaa la mwanzo nalitamani bado, sitakudanganya. Nikiwa peke yangu nalipiga.

Ila wimbo wa mwisho, Hope. Unakaribia dakika nane. Wanarudia jambo moja, kwamba liachilie, liachie liende, kila ubeti na hasara yake mpya, na kila wakirudi bendi imekaza kidogo zaidi. Nilikaa nasubiri wazime jiko kama kawaida yao. Besi, hawakuzima. Miaka kumi na tano baada ya malalamiko yako, jamaa wameacha chungu kikachemka. Hakichemki kwa mbio kama chetu, kinachemka kwa moto mdogo, lakini besi inazunguka pale chini, ileile, ileile, na nikaona mguu wangu unapiga sakafu.

Kwa hiyo nimefanya hivi. Kesho asubuhi nampa kondakta wa basi la Mwanza kifurushi, namba ya gari nitakutumia. Ndani kuna flash yenye nyimbo zote kumi, na waya mzuri, si ule wako uliofungwa kwa selotepu. Azima sabufa ya shemeji wako wa Nyakato, funga mlango, simu weka mbali. Anzia mwanzo na usiruke. Ukifika Hope chukua gitaa ujaribu kuifuata ile besi, halafu unitumie ulivyoipiga. Mimi nitatia solo juu yake, na chemko nitalitia mwenyewe.

Kondakta akirudi na gari tupu nitajua. Mpe dagaa.

Wako,
Solo