Ramani yenu ya London imekatika njiani

Mhariri,

Naomba nafasi nijibu makala yenu ya safari ya Jumapili iliyopita. Mliwashauri wasomaji wanaopitia London kwa siku moja wapande boti ya watalii pale Westminster, washuke kwenye ngome ya Tower, basi mji wameshauona. Nusu ya ushauri huo nauunga mkono. Nusu ya pili imenisumbua wiki nzima.

Boti ni sawa kabisa. London ilijengwa ikiutazama mto Thames, na anayeizunguka kwa basi anaingia kwa mlango wa uani. Ukiwa majini unaviona vichwa vya simba wa shaba kwenye ukuta wa Victoria Embankment, kila kimoja kimeuma pete ya kufungia mashua. Nyuma ya ukuta huo limezikwa bomba kubwa la majitaka. Kiangazi cha 1858 mto ulinuka kinyesi hadi mapazia ya Bunge yakalowekwa dawa ya chokaa ili wabunge waweze kupumua, na ndipo mhandisi Joseph Bazalgette akapewa fedha za kujenga mifereji aliyokuwa akiipigania. Mbele kidogo imesimama nguzo ya Misri wanayoiita Sindano ya Kleopatra, ingawa ilichongwa zaidi ya miaka elfu moja kabla malkia huyo hajazaliwa. Mabaharia sita walikufa katika dhoruba ya mwaka 1877 wakati wa kuileta.

Jambo ambalo makala haikuligusa ni maji yenyewe. Aliyekulia pwani atastaajabu: mto unapwa na kujaa katikati ya mji mkuu, mara mbili kwa siku, na siku za bamvua tofauti hufika mita 7 hivi. Kwa hiyo tazameni ratiba ya maji kabla ya kukata tiketi. Yakijaa mtaona kuta tu. Yakipwa hujitokeza kokoto, magogo ya magati ya zamani, minyororo yenye kutu na ngazi za mawe zinazoishia matopeni. (Msishuke kuchimbachimba humo, kunahitaji kibali.)

Sasa lalamiko langu. Mwongozaji wa boti niliyopanda alikuwa mcheshi, tulicheka sana. Alitupa wafalme, vichwa vilivyokatwa, na kile kisa cha Daraja la London kuuzwa kwa Mmarekani mwaka 1968 na kuhamishiwa Arizona jiwe kwa jiwe. Akaongeza kwamba mnunuzi alidhani ananunua Tower Bridge, uzushi ambao Robert McCulloch mwenyewe aliukana. Tulipolipita daraja hilo la Tower akanyoosha kidole kushoto, akasema pale St Katharine Docks pana mashua nzuri na mikahawa. Akanyamaza.

Pale pana mengi kuliko mikahawa. Bandari hiyo ilifunguliwa mwaka 1828, baada ya mtaa wa watu zaidi ya 11,000 kubomolewa, na wapangaji waliofukuzwa hawakulipwa kitu. Katikati yake bado limesimama bohari lenye mnara wa saa, na jina halijabadilika: Ivory House, nyumba ya pembe. Humo zilihifadhiwa pembe za ndovu zilizoletwa kutoka mbali, zikawa vipini vya visu na vibao vya piano. Katika karne ya 19 soko kubwa la pembe la Afrika Mashariki lilikuwa Zanzibar, na pembe hizo zilifika pwani mabegani mwa wapagazi, mwendo wa miezi. Leo bohari hilo ni makazi ya wenye fedha na maduka. Nilisimama mbele yake nikitafuta maneno ya kumwambia mwanangu, na kwenye boti sikuwa nimepewa hata moja.

Mbele zaidi, kwenye mtaa wa minara ya vioo unaoitwa Canary Wharf, ndipo ilipofunguliwa West India Docks mwaka 1802, kwa ajili ya sukari iliyolimwa na watumwa wa Karibi. Moja ya maghala yale ya sukari sasa ni makumbusho, kiingilio bure, na sehemu yake inaeleza utumwa bila kuficha. Sanamu ya Robert Milligan, mfanyabiashara aliyemiliki watumwa na kuiongoza kazi ya kujenga bandari ile, ilikuwa nje ya mlango wake hadi ilipoondolewa Juni 2020.

Ushauri wangu kwa msomaji mwenye siku moja ni huu. Shuka Tower, tembea dakika chache hadi kwenye bohari la pembe, kisha usirudi kwenye boti ya watalii. Panda boti ya abiria wa kawaida, ile ya watu wanaokwenda kazini, inayopokea kadi ile ile ya basi na treni. Haina kipaza sauti. Kaa tezi, kwenye upepo, teremka nayo hadi Greenwich.

Ramani mliyochapisha iliishia Tower Bridge. Mkiirudia makala hiyo, tafadhali ivuteni kuelekea mashariki.

Msomaji wenu wa siku nyingi