Vana ikidondosha maji: kabla hujaikaza, tafuta tone linatokea wapi

Simu za vana, yaani vali ya kufunga na kufungua maji kwenye bomba, tunazipata zaidi alfajiri. "Fundi, jana jioni ilikuwa kavu, sasa chini kuna kidimbwi!" Hakuna uchawi hapo. Bukavu ni mji wa vilima, na maji ya bomba yakiteremka, kila mita 10 zinaongeza presha ya bar 1. Nyumba iliyo mita 50 chini ya tangi linaloilisha inaweza kufikia bar 5 usiku, watu wamelala na robine zote zimefungwa. Kukicha, majirani wanaanza kuchota, presha inashuka, vana inanyamaza. Wateja wetu wa Muhumba, kule chini karibu na ziwa, wanaijua hali hiyo vizuri. Walio juu Kadutu kilio chao ni kingine: maji yenyewe yapande kwanza.

Tukifika, mara nyingi tunakuta mwenye nyumba ameshachukua spana na kukaza kila kinachokazika. Papa mmoja alikaza mara tatu, ya tatu shingo ya vana ikapasuka. Kazi ya dakika tano ikawa kazi ya nusu siku.

Fanya hivi. Ifute vana kwa kitambaa mpaka ikauke kabisa, kisha zungushia vipande vya karatasi ya chooni sehemu tatu: chini ya gurudumu la kuizungushia, pale vana inapoungana na bomba, na tumboni mwake. Kaa uangalie. Macho yanadanganya kwa sababu maji hutambaa kabla ya kudondoka, lakini karatasi itaanza kulowa palepale yanapotokea.

Ikilowa chini ya gurudumu, una bahati. Pale pana nati ndogo inayobana uzi uliozungushwa kwenye mhimili. Vana ikikaa miaka bila kuguswa, uzi ule hukauka na kusinyaa. Siku maji yanapokatika mtu anaizungusha kwa nguvu, na uvujaji unaanza. Kaza nati hiyo robo ya mzunguko tu, ngoja, angalia tena. Gurudumu likiwa gumu kuzunguka, umepita kiasi, rudisha kidogo. Isipokoma, funga maji kwenye mita, fungua nati, weka uzi mpya. Kwa kawaida mwili wa vana hauna kosa lolote, na sisi hatuuzi vana mpya kwa tatizo la uzi.

Ikilowa kwenye maungio, kukaza hakusaidii sana, maana tefloni, ule utepe unaozungushwa kwenye meno ya bomba, ikishakatika haijirudishi. Lazima kufungua, kusafisha meno na kuzungusha tefloni upya, kwa kufuata upande ambao nati inakazwa. Na ikiwa ni tumboni, vana hiyo imekufa. Gundi inayouzwa sokoni itakupa wiki, labda mbili.

Unajiuliza kama inafaa kusumbuka kwa matone? Weka chupa ya lita moja chini yake, utazame saa. Ikijaa ndani ya saa moja na dakika 12, bidoni nzima ya lita 20 inakwenda chini kila siku. Mwenye kubeba bidoni hiyo kichwani akipanda ngazi za Kadutu hahitaji kuelezwa zaidi.

Lakini kuna vana moja ambayo tunawaomba msiiguse: ile ya usalama iliyo chini ya boila ya maji ya moto. Maji yakipata moto yanavimba. Boila ya lita 50 ikipashwa vizuri inaweza kuongeza karibu lita moja, na lita hiyo lazima itoke mahali. Kwa hiyo vana kudondosha wakati boila inapasha ndiyo kazi yake. Tumeshakuta mtu ameiziba kwa kifuniko cha chuma ili sakafu isilowe! Boila iliyozibwa hivyo inaweza kupasuka. Iwekee kindoo chini, au tukuvutie kijibomba hadi kwenye shimo la maji machafu. Ikidondosha mchana kutwa hata boila ikiwa baridi, hapo tuite: ama uchafu umeingia ndani, ama presha ya nyumba ni kubwa na inahitaji kipunguzi cha presha.

Ukipiga simu, tuambie karatasi ipi imelowa na bomba ni la nusu inchi au la robo tatu. Fundi atatoka na kifaa sahihi begani, maana pikipiki kupanda na kushuka mara mbili kwa nati moja, anayelipa ni wewe.