Ushuru wa forodha ukipanda, nani analipa?

Kila viwango vipya vinapotangazwa, swali tunaloulizwa sana na wateja ni hili: si anayelipa ni muuzaji wa nje? La. Analipa mwagizaji, tena kabla mzigo haujatoka bandarini. Muuzaji wa nje huguswa pale tu anapokubali kushusha bei yake.

Chukua mzigo wa dola 10,000, nauli 1,500, bima 100. Nchi nyingi hutoza ushuru kwenye jumla hiyo, 11,600. Kwa asilimia 25, ushuru ni 2,900. Kisha kodi ya ongezeko la thamani, tuseme asilimia 16, inapigwa kwenye 14,500, yaani ushuru nao unatozwa kodi. Zile 2,900 zinamfikia mlaji zikiwa 3,364, na faida ya mwenye duka bado.

Je, nchi inanufaika? Inategemea ushuru umeangukia wapi. Kiwanda kinauza kabati la chuma dola 100. Bati lake, linaloagizwa nje, ni 60, zinabaki 40 za mishahara, umeme na faida. Toza asilimia 25 kwenye makabati yanayoingia, bati liachwe: kinaweza kuuza hadi 125, zikabaki 65. Sasa geuza, toza bati, makabati yapite bure. Bati linafika 75, bei haiwezi kupanda kwa sababu ya makabati ya nje, zinabaki 25. Kiwango ni kilekile. Ndiyo maana anayedai viwanda vilindwe bila kutaja malighafi hatushawishi.

Na ulinzi hata ukikaa mahali pake una gharama. Mwaka 2018 Marekani ilitoza mashine za kufulia zilizotoka nje asilimia 20, na 50 kwa zilizoingia baada ya mashine milioni 1.2 za kwanza. Bei ilipanda kwa takriban asilimia 12. Mashine za kukaushia nazo zikapanda, ingawa hazikutozwa, kwa kuwa hununuliwa pamoja. Ajira zilizopatikana zilikuwa kama 1,800. Wachumi walikadiria kila moja iliwagharimu wanunuzi zaidi ya dola 800,000 kwa mwaka.

Kwa anayeagiza sasa: thibitisha namba ya ushuru ya bidhaa, ile inayoonyesha aina yake na kiwango chake, kabla ya kumlipa muuzaji. Kabati lililofunguliwa vipande na kuletwa kwa pamoja huhesabiwa kabati kamili, si bati. Wengi hukwama hapo. Pia, katika nchi nyingi kiwango kinachotumika ni cha siku tamko la forodha lilipopokelewa, si cha siku uliyoagiza. Ukimpa mteja bei, iandikie tarehe ya mwisho.