Barua ya Wazi kwa Waziri wa Michezo: Vijana Wetu Hawawezi Kulenga kwa Risasi za Kuokoteza

Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya michezo,
Nairobi.

Mheshimiwa Waziri,

Salamu, na pole kwa majukumu. Mimi ni mlenga shabaha wa bunduki ya .22, yaani ya mtutu mwembamba wa takriban inchi 0.22, ile tunayoiita tuu-tuu, na huu ni mwaka wangu wa kumi na tisa katika mchezo huu. Kila Jumamosi asubuhi huwafundisha vijana bila malipo katika klabu moja huku Kiambu. Nakuandikia kuhusu risasi. Ninajua neno hilo likitajwa mbele ya kiongozi katika nchi hii, mawazo hukimbilia wizi wa mifugo na ujambazi. Nakuomba univumilie hadi mwisho.

Novemba iliyopita tulikuwa na mashindano ya klabu. Msichana wangu wa miaka 17 alikuwa analenga akiwa amelala kifudifudi, risasi 60, mita 50. Arobaini za kwanza zilikwenda vizuri sana, mpaka nikaacha kumtazama yeye nikawa natazama karatasi yake tu. Kisha akafungua sanduku jipya. Jina lilikuwa lile lile na rangi ya sanduku ile ile, ila namba ya bechi, yaani fungu la risasi zilizotengenezwa pamoja kiwandani, iliyopigwa mhuri ubavuni ilikuwa nyingine, kwa sababu duka halikuwa na zaidi ya masanduku mawili ya bechi ya kwanza. Risasi zikaanza kuanguka. Badala ya duara la kumi la katikati: tisa ya chini, tisa ya chini, nane ya chini. Akarekebisha, zikapanda kupita kiasi. Alipoinuka mkekani macho yalikuwa yamelengalenga machozi. Akaniuliza, "Kocha, nimeharibu wapi?"

Hakuwa ameharibu popote, na naomba nikuonyeshe kwa nini.

Katika shabaha ya bunduki ya mita 50, duara la kumi lina upana wa milimita 10.4. Chukua kifungo cha shati lako, Mheshimiwa, ukiweke mbali nusu ya urefu wa uwanja wa mpira. Ndicho anacholenga mtoto yule. Kutoka duara moja hadi linalofuata ni milimita 8. Risasi ya .22 ya mashindano huondoka mtutuni kwa kasi ya mita 320 na kidogo kwa sekunde, chini kidogo ya kasi ya sauti, na hutumia takriban sehemu ya sita ya sekunde kufika. Kwa muda huo mfupi inakuwa imeshuka karibu sentimita 12. Mlengaji hulijua hilo na bunduki yake imepangwa hivyo. Sasa risasi moja ikitoka na kasi pungufu ya mita 10 tu kwa sekunde, itashuka karibu milimita 8 zaidi. Hiyo ni duara zima. Mkono haukutikisika, pumzi ilikuwa imeshikwa sawasawa, kidole kilivuta taratibu kama alivyofundishwa, na bado ni tisa. Risasi za bei rahisi hutofautiana kasi kwa kiasi hicho, na hata zaidi, ndani ya sanduku moja.

Wenye bunduki kubwa za kuwinda wana njia ya kutokea. Ganda la risasi yao huwashwa na kifuniko kidogo katikati ya kitako, ambacho hutolewa na kuwekwa kingine. Kwenye nchi zinazoruhusu, mlengaji hujaza baruti mwenyewe nyumbani, akaipima punje kwa punje. Ya .22 haijazwi tena. Kemikali ya kuwashia hutiwa ndani ya ganda ikiwa mbichi, kisha ganda huzungushwa kwa kasi hadi kemikali ikajipenyeza kwenye ukingo wa kitako pande zote. Pini hupiga ukingo huo, shaba inabonyea, na ganda limekwisha kazi. Ndivyo zilivyo tangu mwaka 1887. Ubora wote wa risasi hii huamuliwa kiwandani, na mlengaji hana la kuongeza.

Lakini tunajaribu, Mheshimiwa. Usiku wa kuamkia mashindano utanikuta kwenye meza ya jikoni, taa ya mezani imeinamishwa, risasi 500 za mazoezi mbele yangu. Napima unene wa ukingo wa kila moja kwa kipimo cha sehemu ndogo za milimita, kisha naweka mafungu: nyembamba huku, nene kule, za katikati ndizo za mtoto. Vidole vinanata ile nta ya kichwa cha risasi, na inabidi niangalie nisiikwangue, maana ikikwanguka, risasi hiyo nayo imeharibika. Saa saba za usiku nimepata 200 ninazoziamini kidogo. Kwa wenzetu walioendelea katika mchezo huu kazi hii hufanywa kwa namna nyingine kabisa. Watengenezaji wa risasi Eley wa Uingereza na Lapua, ambao risasi zao za .22 hutengenezwa Schönebeck, Ujerumani, wana vituo ambako mlengaji hupeleka bunduki yake, ikafungwa kwenye chuma isitikisike, na kupigwa bechi moja baada ya nyingine hadi ijulikane ni ipi inayoelewana na mtutu ule. Maana kila mtutu una bechi inayoupenda. Bunduki mbili za aina moja, zilizotoka kiwandani wiki moja, zinaweza kutofautiana hapo. Akishaipata bechi yake, mlengaji hununua ya msimu mzima na kuitunza.

Hapo ndipo penye ugonjwa wetu. Watu hudhani shida ya walenga shabaha wa Kenya ni bei. Bei ipo, nitaifikia, lakini kinachotuumiza zaidi ni kwamba tunanunua kwa kuokoteza. Duka linaagiza kilichopatikana, kinafika miezi baadaye, masanduku matatu ya hiki, manne ya kile. Mwezi unaofuata hakuna kabisa. Kijana anafundishwa leo kwa risasi ya kasi hii, kesho kwa kasi ile, na hajifunzi chochote, kwa sababu kosa lake na kosa la risasi huacha tundu linalofanana kwenye karatasi. Nimepoteza vijana wazuri kwa njia hiyo. Waliamini hawana kipaji.

Sasa bei. Huko nje sanduku la risasi 50 za daraja la juu la mashindano hufika dola 20 na kupita; za mazoezi zenye kuaminika ni kama nusu ya hapo. Kijana anayepiga risasi 100 mara mbili kwa wiki, kwa wiki 40, anamaliza risasi 8,000, yaani masanduku 160. Kwa dola 10 kila sanduku ni dola 1,600, zaidi ya shilingi 200,000, na bado hatujalipa nauli ya mzigo wala ushuru wa forodha wala VAT ya asilimia 16. Risasi huhesabiwa kuwa mzigo hatari, kwa hiyo nauli yake si ya viatu na fulana. Kubeba wenyewe tunaposafiri kwa mashindano hakusaidii: mashirika ya ndege humruhusu msafiri kilo 5 tu za risasi, na huo ni uzito pamoja na maboksi yake. Ni kama risasi 1,300, mazoezi ya wiki sita na kidogo kwa kijana mmoja. Na mambo yakiharibika ulimwenguni, sisi huwa wa mwisho kwenye foleni. Wakati wa korona rafu za .22 zilikauka hata Marekani kwenyewe, sembuse huku.

Nimeambiwa mara nyingi tuwaachie vijana bunduki za upepo za mita 10. Tunazitumia, na ni shule nzuri ya mwanzo. Lakini Paris 2024, michezo ya shabaha ilipofanyika Châteauroux, mashindano manne kati ya 15 yalikuwa ya risasi za .22: bunduki ya mikao mitatu (kupiga magoti, kulala na kusimama) kwa wanaume na wanawake, bastola ya mita 25 ya wanawake, na bastola ya haraka ya wanaume. Jumuiya ya Madola iliacha kulenga shabaha Birmingham 2022, na Glasgow 2026 haumo tena. Kwa hiyo mlango mkubwa uliobaki kwa kijana wa Kenya ni wa mashindano ya Afrika yanayotoa nafasi za Olimpiki, na huko atapambana na watu waliolelewa kwa bechi moja mwaka mzima.

Ninachoomba ni vitu viwili.

Cha kwanza, chama cha kitaifa cha mchezo huu kiruhusiwe kuagiza mara moja kwa mwaka, kwa niaba ya klabu zote, moja kwa moja kutoka kiwandani, bechi zilizochaguliwa, na mzigo huo uhesabiwe kuwa kifaa cha michezo kwa upande wa kodi. Agizo moja kubwa hupunguza nauli kwa kila sanduku, na ndiyo njia pekee ya kupata bechi moja ya kutosha. Hatuombi serikali itununulie. Wazazi na wanachama watalipa, mradi wajue wanalipia nini.

Cha pili ni cha kuzungumza na mwenzako wa usalama wa ndani, na ndiyo maana nakuomba uwe msemaji wetu. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inataka cheti kitaje idadi ya risasi ambazo mtu anaruhusiwa kununua na kuwa nazo kwa wakati mmoja. Hilo ni sawa kabisa, na silipingi. Naomba tu idadi ya klabu ya michezo ipangwe kwa hesabu ya mazoezi ya wanamichezo wake, si kwa kipimo kile kile cha mtu anayelinda shamba. Risasi hizo zisikae majumbani. Zikae katika ghala la chuma la klabu, funguo mbili kwa watu wawili, na daftari ambalo polisi watalifungua siku yoyote bila taarifa. Sisi tayari hufanya hivi: kijana akichukua risasi 50 anasaini, na akimaliza anarudisha maganda 50, yanahesabiwa mbele yake kwenye trei ya mbao yenye matundu 50. Tundu moja likibaki tupu, hakuna anayeondoka uwanjani. Mwaka juzi tulitafuta ganda moja kwenye nyasi kwa saa mbili na nusu, wazazi wakisubiri garini, hadi lilipopatikana ndani ya mkunjo wa koti la mlengaji.

Risasi ya .22 inaua, na sitakudanganya kwamba ni kitu cha kuchezea. Ndiyo maana nataka ihesabiwe hivyo, moja moja. Mfumo wa sasa wa kila mtu kuhangaika dukani kwake hauhesabu vizuri kuliko huu ninaouomba.

Nakualika uje uwanjani Jumamosi yoyote, saa tatu asubuhi, kabla upepo haujaanza kutoka bondeni. Nitakuwekea karatasi mbili za msichana yule, za siku ile ya Novemba: ile ya risasi 40 na ile ya 20. Yeye mwenyewe atakueleza. Bado anakuja kila wiki, na sanduku la bechi ile ya kwanza lililopatikana baada ya mashindano, risasi 18, amekataa kulitumia. Anasema analiweka akiba ya siku ya majaribio ya timu ya taifa. Majaribio yanataka risasi 60.

Wako katika ujenzi wa michezo,
Mlenga shabaha na kocha wa kujitolea,
Kiambu.