Watengenezaji wa treni za mfano, tuandikieni namba za umeme kwenye boksi

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika katika ukurasa huu kwamba injini za zamani za treni za mfano hazifai kuwekewa dikoda, yaani kisaketi kinachopokea amri za kidijitali na kuendesha mota na taa, eti kwa sababu dikoda yake iliungua mara tu alipowasha moshi. Ameionea injini bure. Mimi ni fundi redio mstaafu, na siku hizi mezani kwangu hakuna redio hata moja. Kuna injini za mvuke za watu waliokata tamaa kama yeye. Ukizifungua, nyingi zina ugonjwa uleule: kitoa moshi kimelehemiwa kwenye waya wa dikoda uliokusudiwa taa.

Tupige hesabu. Hita ya omu 20 ndani ya kitoa moshi ikipewa volti 14 inakula ampea 0.7, karibu wati 10. Dikoda ndogo nyingi hubeba kama ampea 1 tu kwa jumla, mota ikiwemo, na waya wa taa hubeba sehemu ndogo ya hapo. Matokeo yake ni kwamba kinachotoa moshi ni dikoda, si dohani.

Wapo wanaoshauri kitoa moshi kiachwe kama kilivyokuwa, kinywe umeme wa reli. Zamani sawa. Volti za reli zilipanda na kushuka kufuata mwendo, na treni iliposimama hita nayo ilipoa. Kwenye mfumo wa dijitali reli ina volti zake zote saa zote, treni iwe inakimbia au imelala stesheni. Hita ya namna hiyo hukausha mafuta ya moshi, ikababua utambi unaoyanyonya, kisha ikageukia plastiki ya bodi. Dawa ni umeme wa hita utoke relini lakini upitie rilei ndogo, yaani swichi inayowashwa kwa umeme: dikoda itoe amri tu, mzigo ubebwe na rilei. Koili ya rilei nayo iwekewe diodi, ile inayopitisha umeme upande mmoja tu, maana inapozimwa hurusha volti kali kinyumenyume.

Kabla ya moshi, mota. Katika injini nyingi za zamani brashi moja, yaani kaboni inayopeleka umeme kwenye mota, imegusana na chasisi, na chasisi yenyewe ni njia ya umeme wa reli. Ukifunga dikoda hivyo, umeiua. Itenge mota kwanza, upime kwa mita mpaka uone hakuna njia kati ya brashi na chasisi. Pima pia mota inakula ampea ngapi ikishikwa isizunguke. Dikoda iwe na uwezo kuzidi hapo. Kwenye waya, kiwango cha NMRA, chama cha wapenda treni za mfano cha Marekani, kinafuatwa na wengi: nyekundu reli ya kulia, nyeusi ya kushoto, ya chungwa na ya kijivu zinakwenda kwenye mota, nyeupe taa ya mbele, njano ya nyuma, buluu ni chanya ya pamoja. Jaribio la kwanza lifanyike kwenye reli ya programu, kipande cha reli cha pembeni cha kuipangia dikoda, ambako umeme umebanwa na shoti haiunguzi kitu.

Sasa utamu wenyewe. Kitoa moshi cha feni kinaweza kupumua pamoja na magurudumu. Injini ya mvuke ya silinda mbili hupumua mara nne kila gurudumu linapozunguka, kwa kuwa mvuke husukuma kila pistoni pande zote mbili. Zile za silinda tatu kwa kawaida hupumua mara sita. Mtu anayefunga feni ya kisasa halafu akaiacha ivume mfululizo kama jiko la kuni bichi, mimi simwelewi. Lakini injini ni yake.

Mafuta ni matone machache. Yakizidi, hita inazama na moshi haupandi, na yanayoruka hutua relini, magurudumu yakateleza na umeme ukakatikakatika. Utambi ukishakuwa mweusi na mgumu, badilisha. Na chupa ya mafuta hayo ifungiwe mbali na watoto. Ni mepesi mno: mtoto akiyanywa yanaweza kuingia kwenye mapafu, kwa hiyo asitapishwe, akimbizwe hospitali.

Lawama yangu, Mhariri, ni kwa watengenezaji. Boksi linatuambia injini ina rangi gani na iliendeshwa na shirika gani la reli, lakini omu za hita hazimo, wala ampea za mota iliyokwama. Mnunuzi anabaki kubahatisha. Namba mbili hizo zingetosha kwenye mstari mmoja pembeni mwa boksi, na wauzaji wa dikoda nao waandike kila waya unabeba kiasi gani, si jumla peke yake. Kama kuna mtengenezaji anayesoma ukurasa huu, namwomba ajibu hapahapa kwa nini haandiki.

Fundi redio mstaafu